Amana ya Habari na Hukumu ya Chombo Kipya

Swali la iwapo chumba cha habari cha mji mdogo kiingie katika mfumo wa kidijitali huulizwa mara nyingi kama swali la fedha na vifaa: kompyuta zitanunuliwa na nani, umeme utatosha au hautatosha, na pengo la matangazo ya biashara yaliyohamia katika kampuni kubwa za mtandaoni litazibwa na nini. Chini ya maswali hayo limelala swali la kimaadili lililo kongwe kuliko simu, redio na gazeti, nalo ni hili: anayeipokea habari kwa aliyeiona na kuifikisha kwa asiyeiona anadaiwa nini, na deni hilo hubaki vilevile au hubadilika pale chombo cha kuibebea habari kinapobadilika? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa msaada wa elimu ya Kiislamu ya upokezi wa habari, ambayo imesomeshwa katika misikiti na madrasa za mwambao wa Afrika Mashariki kwa karne nyingi, na yanatetea rai mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni kwamba kubadilika ni wajibu wa chumba cha habari cha mashinani, wala si anasa ya wenye uwezo. Ya pili ni kwamba wajibu huo una mpaka mmoja, yaani kila badiliko sharti limbakishe mtu anayejulikana, anayeweza kuulizwa habari ameitoa wapi na kubeba lawama ikiwa ameikosea.

Yafaa kuanza na hukumu ya upya wenyewe, kwa sababu wapo wahariri wakongwe wanaolitilia shaka jambo kwa kuwa ni jipya, na wapo washauri wa teknolojia wanaolisifu kwa sababu iyo hiyo. Fikra za Kiislamu zimelijadili suala hili chini ya dhana ya bidaa, yaani jambo lililozuliwa ambalo halikuwapo zama za Mtume. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820, amepokewa akiyagawa mambo yaliyozuliwa katika yanayosifika na yanayolaumika, na Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, aliupanua mgawanyo huo hadi mafungu matano, kuanzia ya wajibu hadi ya haramu. Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1388, aliukataa mgawanyo huo kwa hoja kwamba bidaa yote ni upotofu. Lakini kuhusu nyenzo za maisha ya dunia alifika walipofika wenzake kwa njia nyingine, kwani hakuziingiza katika mlango wa bidaa hata kidogo, akaziweka katika mlango wa masilahi, yaani manufaa ambayo sheria huyalinda hata pasipokuwa na andiko linaloyataja moja kwa moja. Wanazuoni hao wanahitilafiana sana kuhusu ibada. Kuhusu vyombo wanakubaliana kwamba upya haukiharamishi chombo wala haukihalalishi, na kwamba hukumu yake hutafutwa katika lengo kinalolitumikia na madhara kinayoyaleta.

Historia ya uchapaji inaonyesha jinsi kanuni hiyo ilivyofanya kazi. Mjini Istanbul, Ibrahim Müteferrika alipata mwaka 1727 idhini ya kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu, baada ya fatuwa iliyoruhusu uchapaji wa vitabu visivyokuwa vya dini. Huko Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliingiza mtambo wa kuchapia, na mtambo huo ukatoa vitabu vya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ya madhehebu ya Kiibadhi. Na mwaka 1888 wamisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA walianza kutoa jarida la Kiswahili la Msimulizi. Mfano wenye uzito zaidi kwa mjadala huu ni wa Mombasa, ambako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Mwanachuoni huyu alikuwa miongoni mwa wakemeaji wakali wa bidaa katika ibada na desturi za watu wa mwambao. Hata hivyo alilichukua gazeti, chombo ambacho masheikhe waliomtangulia mjini mwake hawakukitumia, na akakemea kwa chombo hicho yaleyale aliyoyakemea darasani, ili yawafikie watu ambao darasa la msikitini lisingewafikia. Hapakuwa na mgongano katika mwenendo wake. Alichokizuia kisibadilike ni mafundisho na jukumu la mwenye kuyafikisha. Njia ya kuyafikisha aliiona kuwa ni jambo ambalo mwenye elimu analazimika kulitazama upya kila hadhira yake inapohama.

Hata hivyo, kutoka katika mfano huo mtu anaweza kuteleza hadi kwenye kauli nyepesi kwamba chombo hakina dhambi na kwamba ubaya wote uko kwa mtumiaji. Kauli hiyo haitoshi. Redio ya RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo mwezi Julai 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari, ilipata nguvu yake katika sifa za redio yenyewe: sauti iliingia nyumbani na vizuizini kwa wakati mmoja, ilizungumza kwa lugha ya mzaha na mazoea, na ilitaja majina na mahali bila kumpa aliyetajwa nafasi yoyote ya kujibu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani mwaka 2003 waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, ingawa rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya mashtaka. Kwa upande mwingine, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, katikati ya ghasia za uchaguzi, ni Wakenya wachache wenye ujuzi wa kompyuta waliounda, mwanzoni mwa mwaka 2008, programu ya Ushahidi, iliyopokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa intaneti na kuziweka katika ramani. Mifano hii miwili inathibitisha kwamba kila chombo huja na mwelekeo wake, kwa kuwa hurahisisha matendo fulani na kuyafanya mengine kuwa magumu. Kwa hiyo kinahitajika kipimo cha kuupimia mwelekeo huo kabla chombo hakijakabidhiwa amana ya umma.

Kipimo hicho kinapatikana katika elimu ya hadithi, ambayo ni taaluma ya kuchunguza maneno na matendo yaliyonasibishwa na Mtume. Wanazuoni wake hawakuridhika na matini, yaani maneno ya habari yenyewe. Walidai pia isnadi, yaani mnyororo wa majina ya watu walioipokezana habari hiyo, kila mmoja kutoka kwa aliyemtangulia, hadi kwa shahidi wa kwanza. Kila jina katika mnyororo lilichunguzwa kwa sifa mbili. Sifa ya kwanza ni uadilifu, yaani kwamba msimulizi ni mtu mwenye dini na murua, ambaye hajulikani kwa uongo. Ya pili ni dhabti, yaani uangalifu wa kuhifadhi na kufikisha bila kuongeza wala kupunguza. Mtu mwema mwenye kumbukumbu dhaifu alikataliwa, na hodari wa kuhifadhi aliyejulikana kwa uongo alikataliwa vilevile. Shabaha ya utaratibu huo mzito ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna habari inayotembea peke yake. Plato, katika majadiliano yake ya Phaedrus, alikwisha kueleza hofu ya namna hiyohiyo kuhusu maandishi, kwamba hutangatanga kwa wanaoyafahamu na wasioyafahamu, nayo yakiulizwa hayawezi kujibu isipokuwa kwa kuyarudia yaleyale. Elimu ya hadithi iliijibu hofu hiyo kwa kuambatanisha kila neno na mtu wa kuulizwa.

Msingi wa utaratibu huo umo katika Kurani. Aya ya 6 ya sura ya Al-Hujurat inawaamuru waumini kuipeleleza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Aya ya 83 ya sura ya An-Nisai inawalaumu watu ambao, likiwafikia jambo la amani au la hofu, hulitangaza papo hapo, ilhali wangelirejesha kwanza kwa wenye uwezo wa kulichunguza na kulielewa. Aya ya kwanza yamhusu anayepokea na ya pili yamhusu anayeeneza. Zikisomwa pamoja, zinaeleza kwa ukamilifu kazi ya dawati la habari. Zinaeleza pia kwamba kosa la kueneza habari isiyohakikiwa halifutwi na nia njema, kwa kuwa aya ya An-Nisai haiwatuhumu waenezaji kwa kutunga uongo. Lawama inawaangukia kwa sababu waliuvuka wakati wa uchunguzi.

Maana ya mambo haya huonekana vizuri zaidi yakitazamwa kwa karibu katika meza ya kazi. Ichukuliwe kwamba redio ya jamii katika mji wa ziwani ina namba ya WhatsApp ya wasikilizaji, na asubuhi moja unaingia ujumbe wa sauti unaosema kwamba mashua imezama na watu wamekufa maji. Juu ya ujumbe huo programu imeweka alama ya kuonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi. Alama hiyo maana yake ni kwamba ujumbe umekwisha kupitia angalau makundi au watu watano tangu ulikotoka, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo huweza kusambazwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Hatua hiyo ilipunguza kasi ya uvumi, lakini haikumpa mpokeaji kile anachokihitaji zaidi, kwa sababu alama inamwambia kwamba mnyororo ni mrefu bila kumtajia jina hata moja lililomo ndani yake. Hajui msemaji ni nani, alikuwa wapi, ajali ni ya lini, wala kama sauti hiyo haikurekodiwa miaka kadhaa nyuma kwa tukio la ziwa jingine. Mtangazaji anayeisoma habari hiyo hewani kwa kuongeza maneno “inasemekana” hajaihakiki. Ameipa jina la kituo chake na kukificha kiungo kilichokatika. Anayempigia simu mwenyekiti wa mtaa, ofisa wa bandari na mvuvi aliyeko ufukweni, akaandika majina yao na saa walizozungumza, ndiye anayeujenga upya mnyororo, na simu anayoitumia kwa kazi hiyo ni ileile iliyomletea uvumi.

Elimu hiyohiyo inazuia kosa jingine ambalo mitandao ya kijamii imelifanya kuwa la kawaida, nalo ni kuuchukulia wingi wa wasambazaji kuwa ushahidi. Wanazuoni waliiita habari mutawatiri pale inapopokewa na watu wengi mno, katika kila tabaka la mnyororo, kiasi kwamba haiwezekani kiada wawe wamekubaliana kuzusha uongo, na pale inapotegemea jambo waliloliona au kulisikia wenyewe. Habari isiyotimiza masharti hayo huitwa ahad, hata kama baadaye imeenezwa na umma mzima, kwa sababu wingi unaozingatiwa ni wa mashahidi wasiotegemeana, wala hauhusu midomo inayorudia kauli moja. Kwa kanuni hii, video iliyosambazwa mara laki moja kutoka simu moja ni habari ya mtu mmoja, na watu watatu waliosimama pembe tatu tofauti za soko, wasiojuana, wana uzito kuliko laki hiyo. Chumba cha habari kinachofundisha waandishi wake kuhesabu vyanzo badala ya kuhesabu usambazaji kimefanya mageuzi makubwa hata kabla hakijanunua kifaa chochote.

Hapa ndipo hoja inapogeuka kutoka katika tahadhari kwenda katika wajibu. Fikihi hutofautisha faradhi ya kila mtu, kama sala, na faradhi ya kifaya, ambayo wakiitekeleza baadhi ya watu wengine huwa wamesalimika, na ikiachwa na wote, wote hupata dhambi. Mifano yake ya kawaida ni kuzika maiti na kuwa na waganga na mahakimu katika mji. Kujua kwa uhakika yanayotokea katika mji ni haja ya aina hiyohiyo, kwa kuwa bila hiyo haki haiombwi, hatari haikimbiwi na kiongozi hahojiwi. Tamko la Windhoek la mwaka 2021, lililotolewa miaka 30 baada ya lile la mwaka 1991 kuhusu uhuru wa vyombo vya habari Afrika, lilifika karibu na fikra hii lilipoitambua habari kuwa ni mali ya umma. Tena ipo kanuni ya kifikihi kwamba jambo ambalo wajibu hautimii bila hilo, nalo huwa wajibu. Ikiwa wakazi wa mji wamehamisha masikio na macho yao kwenye simu, basi kuwafuata huko kunaingia katika wajibu wa kuwahabarisha, na mhariri anayejivunia kwamba yeye hajishughulishi na mitandao amewaachia wengine watu aliokabidhiwa. Uvumi una watetezi wake hata katika hekima ya mitaani, kwani wapo wanaoamini kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mahali pasipokuwa na wa kulichunguza lisemwalo, imani hiyo huwa ndiyo mhariri mkuu wa mji.

Wajibu huo haumaanishi kuhamishia mtandaoni yaliyokuwa yakisomwa redioni. Mageuzi yenye thamani ni yale yanayompa msikilizaji uwezo wa kuukagua mnyororo mwenyewe, jambo ambalo karatasi na mawimbi ya redio vililiwezesha kwa kiasi kidogo. Kenya, tangu mwaka 2013, ina kaunti 47 zenye bajeti zao chini ya Katiba ya mwaka 2010, na Kenya na Tanzania zote mbili zilitunga mwaka 2016 sheria za haki ya kupata taarifa. Mwandishi wa kaunti au wa halmashauri anayejua kuziomba nyaraka kwa mujibu wa sheria hizo, kuyasoma majedwali yake na kuziweka mtandaoni pamoja na habari yake, humwezesha mkulima aliyeambiwa kwamba zahanati ya kijiji chake imetengewa fedha kuiona hati yenyewe. Isnadi ya habari hiyo haiishii kwenye jina la mwandishi. Inafika hadi kwenye sahihi ya ofisa. Vivyo hivyo, taasisi za uhakiki wa taarifa kama Africa Check, iliyoanzishwa mwaka 2012, na PesaCheck, inayochapisha pia kwa Kiswahili, zimezoesha wasomaji kuonyeshwa hatua zilizofuatwa hadi hukumu ikafikiwa, na desturi hiyo inaweza kufuatwa na chumba cha habari chenye watu wanne.

Uwezo huohuo wa kuhifadhi na kuonyesha kila kitu unaleta tatizo la upande wa pili, yaani haki ya anayesemwa. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyataja maafa 20 ya ulimi katika kitabu chake cha Ihya, miongoni mwake kusengenya, ambako ni kumtaja mtu kwa jambo la kweli ambalo angelichukia. Ukweli wa habari, kwa mtazamo huo, hautoshi kuihalalisha. Lakini Ghazali hakuufunga mlango: aliorodhesha hali ambazo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa, zikiwemo kumshtaki dhalimu kwa mwenye mamlaka, kutafuta msaada wa kuuondoa uovu, na kuwatahadharisha watu na madhara. Uandishi wa uchunguzi una makazi yake katika ruhusa hizo, kwa kuwa mkandarasi aliyekula fedha za barabara hasitiriwi dhidi ya wanaoitumia barabara hiyo. Aliye nje ya ruhusa hizo ni mtu wa kawaida aliyetajwa katika habari ya ugomvi wa mtaani, ambaye zamani jina lake lilipotea pamoja na gazeti lililofungiwa maandazi, na ambaye sasa hupatikana kwa kutafutwa mtandaoni kila anapoomba kazi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinagusa suala hili, lakini mhariri hapaswi kusubiri sheria imlazimishe kuuliza ni majina gani yanayohitajika ili habari itimize kazi yake.

Makosa hayaepukiki, na namna ya kuyasahihisha ndiyo inayofichua iwapo mageuzi yameihifadhi amana au yameipoteza. Toba katika haki za binadamu ina sharti la ziada ambalo halimo katika haki za Mungu peke yake, nalo ni kumrudishia aliyedhulumiwa haki yake. Na aliyemzulia mtu jambo hadharani hatimizi toba kwa kunong’ona msamaha faraghani. Gazeti la karatasi lilikuwa na udhaifu kwamba kosa halikuweza kuitwa lirudi, na likalazimika kuchapisha masahihisho siku ya pili. Ukurasa wa mtandaoni unaruhusu jambo lililo rahisi na baya zaidi, yaani kubadilisha maneno kimyakimya, kiasi kwamba aliyesoma asubuhi anashikilia uongo na aliyesoma jioni haamini kwamba uongo huo uliwahi kuwapo. Chumba cha habari kinachoiheshimu amana huandika chini ya habari ni nini kilichobadilishwa, lini, na kwa sababu gani. Na ikiwa kosa lilitoka redioni, likarushwa Facebook na kupelekwa katika makundi ya WhatsApp, masahihisho nayo hupelekwa katika njia zote hizo. Kanuni ni kwamba masahihisho yafike kosa lilikofika, na chombo cha kidijitali, kwa kuwa kinajua kilikopeleka ujumbe, kinaitekeleza kanuni hii vizuri kuliko chombo chochote kilichokitangulia.

Jaribio gumu zaidi la kipimo hiki linaletwa na akili unde, ambayo Tanzania huitwa pia akili mnemba, yaani programu zinazotunga maandishi, sauti na picha kwa kuiga ruwaza za data nyingi zilizotumiwa kuzifunza. Mashine inaweza kuwa na kitu kinachofanana na dhabti: inaweza kugeuza saa tatu za kikao cha madiwani kuwa maandishi kwa muda mfupi, au kupekua maelfu ya kurasa za hesabu za halmashauri. Hata dhabti hiyo hupungua katika lugha zenye maandishi machache mtandaoni, ambako majina ya vijiji na maneno ya kienyeji huharibiwa kwa ufasaha unaomlaghai msomaji. Kinachokosekana kabisa ni uadilifu, kwa kuwa uadilifu ni sifa ya mukalafu, yaani mwenye akili timamu anayebeba wajibu na kuhesabiwa kwa matendo yake; mashine haiapi, haiogopi kudanganya wala haina heshima ya kupoteza. Kwa hiyo haiwezi kuwa kiungo katika isnadi. Inaweza kuwa kalamu mkononi mwa kiungo, kwa sharti kwamba mwandishi ameyalinganisha matokeo yake na rekodi ya asili na kuweka jina lake juu yake kama aliyeyaandika mwenyewe, na kwamba msomaji ameambiwa pale mashine ilipotumika. Picha iliyotungwa na mashine kuonyesha tukio ambalo hakuna kamera iliyoliona iko nje ya ruhusa hiyo, kwa kuwa inadai ushahidi ambao haukuwapo.

Lipo pia tatizo la ndani, ambalo ni nia. Wanamaadili wa Kiislamu wameandika mengi juu ya riyaa, yaani kufanya tendo jema ili kuonwa, na wakaeleza kwamba huharibu tendo bila kubadilisha sura yake ya nje. Vipimo vya mtandao, ambavyo humwonyesha mhariri dakika kwa dakika ni wangapi wamebofya habari gani, ni chombo cha maarifa kwa anayetaka kujua kama habari ya kipindupindu imewafikia watu wa bondeni. Kwa anayetafuta kuonwa, vipimo hivyohivyo humvuta polepole kuacha kikao cha bajeti na kukimbilia ugomvi wa wasanii, na kila hatua ya mvuto huo inaonekana kama uamuzi wa busara wa kibiashara. Tiba haipatikani katika kuvizima vipimo. Inapatikana katika kuamua kwanza, kwa maandishi, ni mambo gani ya mji yataripotiwa hata yasipobofywa, kisha kuvitumia vipimo kuuliza ni kwa namna gani mambo hayo yataelezwa hadi yafahamike.

Upinzani wa kweli dhidi ya hoja hii ni kwamba inawabebesha mzigo wasio na uwezo. Sheria ya Kiislamu yenyewe inakiri kwamba nafsi haikalifishwi zaidi ya uwezo wake, na redio inayolipa watangazaji wake posho ya nauli haiwezi kuambiwa inatenda dhambi kwa kukosa kitengo cha data. Lakini katika faradhi ya kifaya, udhaifu wa mmoja hauondoi wajibu. Huuhamishia kwa mwenye uwezo, na hivyo deni linawafikia wafanyabiashara, vyuo, serikali na jumuiya za dini za mji husika. Njia ya kulilipa ipo katika desturi ya wakfu, yaani mali iliyozuiwa isiuzwe wala kurithiwa ili mapato yake yatumike katika jambo la heri, ambayo Zanzibar inaisimamia hadi leo kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu umetunza misikiti, visima na madrasa, na hakuna kizuizi cha kimsingi cha kuutumia kutunza dawati la habari. Uingereza ina mfano ulio karibu na huo katika Scott Trust, iliyoundwa mwaka 1936 kulilinda gazeti la Guardian. Kwa upande wa serikali, deni la kwanza ni kutoufunga mlango. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilipodai leseni kwa ada zilizozidi shilingi milioni 2 kwa jumla, zilimtoza mwandishi mdogo kwa sababu ya chombo anachokitumia kabla ya kutazama mwenendo wake, kinyume cha kanuni iliyoelezwa mwanzoni kwamba chombo huhukumiwa kwa lengo na madhara.

Huenda ikaulizwa iwapo inafaa kuvipima vyumba vya habari vya jamii zenye dini nyingi kwa elimu ya dini moja. Jibu ni kwamba elimu hiyo imetumiwa hapa kwa usahihi wa zana zake, na madai yake ya msingi yana mashahidi kwingine. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 23, kinakataza kuvumisha habari ya uongo, na mwaka 2018 Papa Fransisko aliutenga ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano kwa suala la habari za uongo. Katika falsafa ya Kiafrika, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wenye hekima, aliwarekodi wazee wa Kenya na kuchapisha mazungumzo yao kwa majina yao, akiipinga dhana kwamba fikra za Kiafrika ni sauti ya umati isiyo na mwenyewe. Alishikilia kwamba wazo lina mtu aliyelifikiri, anayeweza kuulizwa na kupingwa. Dai hilo, likihamishwa kutoka kwenye wazo hadi kwenye habari, ndilo dai la isnadi.

Kutokana na hayo, kuhimiza ubunifu katika vyumba vya habari vya mashinani kunapata maana iliyo finyu na nzito zaidi kuliko inavyotumika katika semina nyingi. Idadi ya programu zilizosakinishwa na ya wafuasi waliopatikana haitoshi kuwa ushahidi kwamba chumba cha habari kimebadilika kwa heri, na wafadhili, wamiliki na vyuo vya uandishi wanaotoa tuzo na ruzuku kwa vigezo hivyo wanaupima ukubwa wa sauti bila kuupima ukweli wake. Vigezo vinavyolingana na amana vinaweza kukaguliwa na mtu yeyote: iwapo msikilizaji anaweza kufuata habari hadi kwa aliyeiona, iwapo masahihisho yamefika kosa lilikofika, iwapo asiyehusika amesitiriwa, iwapo habari ya bajeti ya kijiji imewafikia wanakijiji kwa chombo wanachokishika kila siku, na iwapo, baada ya mashine zote kufanya kazi yake, limebaki jina la mtu anayekubali kuulizwa. Mhariri anayevitimiza kwa simu moja amekwisha kubadilika inavyotakiwa, na asiyevitimiza hajatekeleza wajibu wake hata studio yake ikiwa mpya kabisa.